Tungsten, jiwe zito la Waswidi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Neno "tungsten" lilitoka wapi?

Ni neno la Kiswidi lililoundwa kwa maneno mawili ya kawaida: tung, yaani zito, na sten, yaani jiwe. Basi tungsten ni "jiwe zito". Hakuna metali inayotajwa humo, na hilo si bahati mbaya. Neno lilipoanza kutumika katikati ya karne ya 18, metali yenyewe ilikuwa haijulikani na mtu yeyote. Lilikuwa jina la jiwe la rangi hafifu lililotoka kwenye machimbo ya chuma ya Bispberg, jimbo la Dalarna, ambalo mchimbaji akilinyanyua hushangaa mkono unavyoelemewa.

Anayehusishwa na jina hilo ni Axel Fredrik Cronstedt (1722–1765), mtaalamu wa madini wa Uswidi, ambaye pia ndiye aliyetambua nikeli mwaka 1751. Alidhani jiwe zito lina chuma ndani yake. Alikosea kuhusu kilichomo, lakini alilielezea vizuri kiasi kwamba waliomfuata walijua anazungumzia jiwe gani. Kitabu chake cha kupanga madini kilichapishwa kwa Kiingereza London mwaka 1770, na neno tungsten likaingia katika lugha hiyo likiwa bado jina la jiwe.

Hutamkwaje kwa Kiswidi?

"Ng" ya tung ni ile ya ng'ombe, si ya ngoma, na "e" ya sten huvutwa kidogo: tung'-steen. Mzungumzaji wa Kiswahili hana shida nalo, kwa kuwa sauti hiyo ya ng' tunayo tangu utotoni. Anayetamka "tun-gi-steni" anaongeza g isiyokuwapo.

Kwa hiyo Waswidi wanaiita metali hii tungsten?

Hapana, na hapa ndipo wengi hushangaa. Kwa Kiswidi metali inaitwa volfram. Kwa Kidenmaki na Kinorwei ni wolfram. Tungsten kwa Mswidi ni jina la zamani la jiwe tu, jiwe ambalo leo huitwa sheeliti. Waswidi walilitoa neno, wageni wakalichukua na kulibandika kwenye metali, na wenyewe wakaendelea na jina lenye asili ya Kijerumani.

Hata hivyo, tabia ya kuita madini kwa uzito wake imebaki katika Kiswidi. Bariti, ambayo nayo ni nzito kuliko inavyoonekana, wanaiita tungspat. Wajerumani wa enzi hizo nao waliifasiri tungsten kuwa Schwerstein, na mkemia Torbern Bergman wa Uppsala, alipoandika Kilatini, alisema lapis ponderosus. Yote matatu yana maana ileile.

Jiwe lenyewe ni zito kiasi gani hasa?

Sheeliti ni kalsiamu, tungsteni na oksijeni (CaWO₄). Densiti yake, yaani gramu kwa kila sentimita moja ya ujazo, ni kati ya 5.9 na 6.1. Kwazi, jiwe jeupe linalojaa karibu kila mahali, ni 2.65. Kalsaiti ni 2.7. Kwa macho sheeliti inaweza kuonekana kama mojawapo ya hayo: nyeupe, ya kijivu, ya njano hafifu au ya kahawia. Ukishika vipande viwili vya ukubwa mmoja, kimoja cha kwazi na kimoja cha sheeliti, cha pili kinalemea zaidi ya mara mbili. Wachimbaji wa chuma walikuwa wamezoea mawe meusi mazito. Jiwe jeupe lenye uzito ule halikuwa na mfano, na ndiyo maana uzito ndio uliolipa jina.

Naweza kupima mwenyewe kama jiwe ni "zito" kwa maana hiyo?

Ndiyo, kwa mzani wa kidijitali unaosoma gramu, uzi na chombo cha maji.

Pima kwanza jiwe likiwa kavu. Tuseme ni gramu 300. Kisha weka chombo cha maji juu ya mzani na urudishe mzani kwenye sifuri. Funga jiwe kwa uzi mwembamba, lizamishe lote bila kugusa chini wala ukuta wa chombo, na usome namba. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Ikiwa ni gramu 50, gawanya: 300 kwa 50 ni 6.0. Hiyo ni sheeliti safi, au kitu kinachokaribiana nayo sana. Ingekuwa kwazi, mzani ungesoma takriban gramu 113.

Makosa huja kwa njia tatu. Viputo vya hewa vinavyoganda kwenye nyufa hufanya jiwe lionekane jepesi, kwa hiyo liloweke dakika chache na ulitikise kabla ya kusoma. Jiwe likigusa chini ya chombo, namba hupanda ghafla na matokeo yanakuwa upuuzi. La tatu ndilo baya zaidi: jiwe mchanganyiko. Kipande ambacho nusu ya ujazo wake ni sheeliti na nusu ni kwazi kitatoa takriban 4.3, na aliye na orodha ya densiti mkononi atasema ni bariti, ambayo ni 4.5. Vunja jiwe, chambua sehemu inayofanana rangi, pima hiyo.

Je, kuna kipimo kingine kisichotegemea uzito?

Kipo, na kwa sheeliti ni kizuri kuliko mzani. Iangaze gizani kwa taa ya mionzi ya urujuanimno ya mawimbi mafupi, nanomita 254. Itang'aa buluu yenye weupe. Ikiwa na molibdeni ndani, mng'ao huelekea njano.

Kosa la kawaida ni kununua taa isiyofaa. Tochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa kukagua noti ni za nanomita 365 au 395, na kwa hizo sheeliti kwa kawaida hukaa kimya. Mtu huitupa akisema si yenyewe. Taa ya 254 huumiza macho na ngozi, kwa hiyo vaa miwani ya kuzuia mionzi hiyo na usimulike watu. Pia kumbuka kwamba si kila kinachong'aa buluu ni sheeliti. Hidrozinsaiti, madini ya zinki, hung'aa karibu sawa. Ndiyo maana vipimo vyote viwili, mwanga na uzito, hutumika pamoja: hidrozinsaiti ni nyepesi kuliko sheeliti na laini zaidi.

Nani aligundua kwamba ndani ya jiwe zito kuna kitu kipya?

Carl Wilhelm Scheele (1742–1786), mfamasia wa mji mdogo wa Köping. Alizaliwa Stralsund, mji wa pwani ya Kijerumani uliokuwa chini ya Uswidi wakati huo, na kazi yake kubwa aliifanya ndani ya duka la dawa. Mwaka 1781 alichapisha uchunguzi wake wa jiwe hilo. Alilisaga, akalishambulia kwa asidi, na kuona unga ukigeuka njano. Sehemu iliyoyeyuka katika asidi ilikuwa na chokaa. Unga wa njano uliobaki uliyeyuka katika amonia, na kutoka hapo akapata asidi ambayo haikufanana na yoyote iliyojulikana. Iliitwa asidi ya tungsten.

Kumbuka mpaka wa alichofanya: alionyesha kwamba jiwe ni chokaa pamoja na asidi mpya. Metali hakuipata. Bergman alisema kwamba asidi ile huenda ni metali iliyoungana na oksijeni (kwa lugha ya kemia ya leo), na kwamba ikichomwa na makaa huenda metali ikatoka. Mwaka 1821 jiwe lenyewe likapewa jina la sheeliti kwa heshima ya Scheele. Hivyo neno tungsten likaachwa bila jiwe, likabaki na metali peke yake.

Na metali yenyewe ilipatikana lini?

Mwaka 1783, mbali na Uswidi, katika mji wa Bergara, nchi ya Wabaski huko Uhispania. Ndugu wawili, Juan José na Fausto Elhuyar, walifanya kazi katika seminari ya kifalme ya mji huo. Juan José alikuwa amemtembelea Bergman Uppsala mwaka mmoja kabla. Hawakuanza na jiwe zito la Waswidi, bali na jiwe jeusi la wolframu. Walitoa humo unga wa njano, wakaona ni uleule wa Scheele, wakauchanganya na makaa ya unga ndani ya chungu cha kuyeyushia kilichozibwa vizuri na kuuchoma kwa moto mkali sana. Kilichotoka ni donge la kahawia lililovunjika vipande, na ndani yake chembe ndogo zenye mng'ao wa metali.

Hawakupata bonge moja lililoyeyuka, na hawangeweza. Metali hii huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi, juu kuliko metali nyingine zote, na hakuna tanuri la makaa la karne ya 18 lililokaribia hapo. Hata leo haimiminwi kama chuma au shaba: unga wake hushindiliwa, kisha huunguzwa mpaka chembe zishikane.

Kwa kuwa metali waliipata kutoka jiwe la wolframu, ndugu hao waliiita volfram. Hapo ndipo majina mawili yalipoanza kugombana, kwa sababu mawe yalikuwa mawili na metali ni moja.

Wolfram nayo ina maana gani?

Hili ni neno la wachimbaji wa bati wa milima ya Erzgebirge, mpakani mwa Saxony na Bohemia. Sehemu ya kwanza, Wolf, ni mbwa mwitu. Sehemu ya pili hufasiriwa kwa njia mbili: wengine huiona ni Rahm kwa maana ya malai, au povu linaloelea juu, wengine huiona ni neno la zamani zaidi lenye maana ya masizi au uchafu mweusi. Georgius Agricola, mtaalamu wa madini wa Kijerumani, mwaka 1546 aliandika kwa Kilatini "povu la mbwa mwitu", na jiwe kweli ni jeusi na huchafua mikono. Maelezo yote mawili yanasimama.

Lakini kwa nini mbwa mwitu? Kwa sababu jiwe hili lilikula bati. Anayesafisha mtapo wa bati (jiwe lenye madini) kwa maji hutegemea uzito: mchanga mwepesi huondoka na maji, kasiteriti yenye bati, yenye densiti karibu 7, hubaki chini. Wolframaiti, yaani hilo jiwe jeusi la wolframu, ina densiti ya 7 hadi 7.5. Kwa hiyo hubaki pamoja na kasiteriti, na karai haliwezi kuzitenganisha. Zikiingia tanurini pamoja, tungsteni hushikamana na bati katika takataka ngumu zinazoganda, na bati inayotoka hupungua. Wachimbaji walisema linararua bati kama mbwa mwitu anavyorarua kondoo.

Tatizo hilo lilidumu karne kadhaa. Huko Cornwall, Uingereza, Robert Oxland alilipatia dawa miaka ya 1840: kuchoma mchanganyiko pamoja na magadi soda, ili tungsteni igeuke chumvi inayoyeyuka katika maji na kuoshwa, bati ibaki. Leo njia rahisi zaidi ni sumaku yenye nguvu. Wolframaiti huvutwa kidogo na sumaku, kasiteriti haivutwi. Sumaku ya spika haitoshi. Inahitajika mashine maalumu.

Kwa nini alama yake ni W na si T au Tu?

W ni ya wolframium, jina la Kilatini cha kikemia. Jöns Jacob Berzelius, Mswidi aliyeanzisha mfumo wa herufi za elementi tunaoutumia mpaka leo, alishika jina hilo. Kwa hiyo kila jedwali la elementi lililoandikwa kwa Kiingereza lina tungsten kwenye kisanduku namba 74, na W juu yake. Mwanafunzi asitafute W ndani ya neno tungsten, haimo.

Iwapo wavumbuzi waliiita wolfram, kwa nini Kiingereza na Kifaransa vina tungsten?

Kwa sababu Kiswidi kilitangulia kufika. Maandishi ya Cronstedt, Bergman na Scheele yalikuwa yakisomwa London na Paris kabla ndugu wa Bergara hawajachapisha. Mkemia Mfaransa Antoine Lavoisier alipotoa orodha yake ya elementi mwaka 1789, aliandika tungstène, na kitabu chake kilisomwa na kila mkemia wa Ulaya. Baada ya hapo jina halikung'oka tena katika Kifaransa, Kiingereza, Kiitaliano na Kireno.

Mwaka 1949 umoja wa kimataifa wa wakemia, IUPAC, ulipendekeza wolfram iwe jina la kisayansi, na tungsten iruhusiwe. Viwanda vya Uingereza na Marekani havikubadilika. Mwaka 2005, katika mwongozo mpya wa majina ya kemia isiyo ya kaboni, wolfram iliondolewa kama jina mbadala la Kiingereza, na wakemia wa Uhispania wakalalamika hadharani. Malalamiko yao yana haki: katika sayansi, anayetenga elementi kwanza ndiye kwa desturi hupewa nafasi ya kuipa jina.

Lugha nyingine husemaje?

Kijerumani, Kiholanzi, Kirusi, Kipolandi na Kifini zimeshika wolfram kwa tahajia zao. Kihispania kina wolframio na tungsteno, vyote vinatumika. Kijapani na Kikorea zilichukua tungsten kutoka Kiingereza. Kichina kina herufi moja inayosomwa wū, sauti inayoelekea wolfram. Kiwanda cha balbu cha Hungaria kilijiita Tungsram, nusu ya jina hili na nusu ya lile. Ni Budapest ambako Sándor Just na Franjo Hanaman walipata hataza ya waya wa balbu wa tungsteni mwaka 1904.

Kwa Kiswahili tuandike nini?

Tungsteni na wolframi zote hutumika. Katika maandishi ya shule na ya kiufundi, chagua moja, iandike mara ya kwanza pamoja na alama W, kisha usibadilishe. Kinacholeta mkanganyiko ni kuandika tungsteni ukurasa wa kwanza na wolframi ukurasa wa tatu bila kusema ni kitu kimoja. Msomaji hudhani ni metali mbili. Na tofautisha metali na jiwe: wolframaiti na sheeliti ni mawe, tungsteni ni metali iliyomo.

Kwa nini huku Maziwa Makuu watu wanasema wolfram, lakini hati za mauzo zinasema 3T?

Machimbo ya Rwanda na Congo yalianzishwa chini ya Wabelgiji, na katika biashara ya madini ya huko jina lililozoeleka ni wolfram. Kusini-magharibi mwa Uganda, kule Kabale na Kisoro, machimbo ya zamani kama Nyamulilo na Kirwa nayo yalijulikana kwa jina la wolfram, ingawa serikali ya wakati huo ilikuwa ya Waingereza. Sababu ni rahisi: kinachochimbwa ukanda huu ni hasa jiwe jeusi la jamii ya wolframaiti, na Nyakabingo huko Rwanda ni mfano mkubwa unaojulikana.

Herufi 3T zilitoka kwenye Kiingereza: bati, tantalamu na tungsteni kwa lugha hiyo zote huanza na T. Ukiongeza dhahabu inakuwa 3TG. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inayojulikana kama Dodd-Frank, kifungu cha 1502, na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2017/821 iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 1, 2021, zote zinahusu madini hayo manne. Muuzaji anayeona "tungsten" kwenye fomu na "wolfram" kwenye lebo ya gunia asidhani kuna kosa. Ila ahakikishe kwamba jina la jiwe, namba ya lebo na uzito vinalingana kwenye karatasi zote, maana hapo ndipo mzigo hukwama.

Ripoti ya maabara inasema 49.2% lakini mnunuzi anasema 62%. Nani anadanganya?

Huenda hakuna. Maabara moja imeandika kiasi cha metali tupu (W), nyingine imeandika oksaidi yake (WO₃). Biashara ya mtapo huu hufanyika kwa WO₃. Kila kilo moja ya WO₃ ina kilo 0.793 ya tungsteni. Zidisha 62 kwa 0.793, unapata 49.2.

Bei hutajwa kwa kipimo kiitwacho mtu (herufi tatu, si binadamu), yaani kilo 10 za WO₃. Chukua mzigo wa kilo 2,000 wenye unyevu wa 3% na WO₃ 62%:

Ondoa unyevu: 2,000 × 0.97 = kilo 1,940 kavu.
WO₃: 1,940 × 0.62 = kilo 1,202.8.
Gawanya kwa 10: vipimo 120.28.

Namba hiyo ndiyo inayozidishwa kwa bei. Metali tupu ndani yake ni takriban kilo 954, lakini hulipwi kwa hiyo. Angalia pia kama mkataba unatumia kipimo cha tani fupi ya Kimarekani, ambacho ni kilo 9.07 za WO₃. Kwa mzigo mkubwa tofauti ya karibu 10% si ndogo. Kiwango kinachotajwa sana kwenye mikataba ni WO₃ 65%. Mzigo wenye aseniki, salfa, fosforasi au bati nyingi hukatwa bei, na bati hukatwa kwa sababu ileile iliyowaudhi wachimbaji wa Erzgebirge, safari hii upande wa pili.

Kwenye welding, TIG na WIG ni vitu tofauti?

Ni kitu kimoja: kuchomelea kwa kijiti cha tungsteni na gesi. T ni ya tungsten, W ni ya wolfram. Mashine za Ujerumani huandika WIG. Kijiti kisichoyeyuka katika mashine hizo ni tungsteni, na msimbo wake wa kimataifa huanza na W: WP ni tungsteni tupu, rangi ya kijani, WT20 ina takriban 2% ya oksaidi ya thoriamu, nyekundu, WC20 ina seriamu, ya kijivu, WL15 ina lanthanamu, ya dhahabu, WL20 ni ya buluu, WZ8 ina zirkoniamu, nyeupe.

Noa kijiti kwa kufuata urefu wake, si kwa kuzungusha kukata upana. Mikwaruzo ya mzunguko huyumbisha moto. Kwa umeme wa DC ncha iwe na urefu wa takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya kipenyo. Kijiti chekundu kina mionzi kidogo, kwa hiyo vumbi lake lisivutwe puani. Fundi anayenoa kila siku ni heri atumie cha lanthanamu. Usizime gesi ya agoni mara tu moto unapokatika: tungsteni yenye joto ikikutana na hewa hugeuka buluu au nyeusi, na kijiti huisha haraka. Iache itiririke takriban sekunde moja kwa kila ampea 10. Na ncha ikigusa chuma kilichoyeyuka, kipande humegukia humo. Kwenye picha ya eksirei ya kiungo kitaonekana kama nukta nyeupe kabisa, kwa kuwa tungsteni huzuia mionzi kuliko chuma kinachoizunguka, na kazi hukataliwa.

"Tungsten" kwenye kamera ina maana gani?

Ni mpangilio wa rangi kwa mwanga wa balbu za waya, takriban kelvini 3,200, kwa kawaida wenye picha ndogo ya balbu. Ukipiga nje mchana kwa mpangilio huo, kila kitu kitakuwa buluu.

Pete na biti "za tungsten" ni metali tupu?

Kwa kawaida si metali tupu. Ni kabidi ya tungsteni (WC), yaani tungsteni na kaboni, ikigandishwa na metali nyingine, mara nyingi kobalti, na kwenye pete nikeli. Densiti ya kabidi yenyewe ni karibu 15.6. Ni ngumu sana lakini hupasuka ikipigwa. Biti ya kutobolea zege huwa na ncha tu ya kabidi iliyounganishwa kwenye chuma. Ikipata joto jingi kupita kiasi, kiungo hulegea na ncha huanguka. Pete haiwezi kupanuliwa wala kupunguzwa na sonara. Kidole kikivimba, hospitalini huibana kwa koleo maalumu mpaka ipasuke, hawaikati kwa msumeno.

Je, metali inastahili jina la "zito" kama jiwe?

Zaidi ya jiwe. Densiti ya tungsteni ni 19.3 hivi, risasi ni 11.3. Dhahabu nayo ni 19.3, na ukaribu huo ndio hutumiwa na matapeli: kipande cha tungsteni ndani, dhahabu juu. Mnunuzi wa dhahabu anayetegemea mzani na maji peke yake, kwa njia ileile tuliyoieleza juu, hatauona udanganyifu huo. Mashine ya eksirei ya mkononi nayo husoma juu tu. Kinachofichua ni sauti: mawimbi yake hupita katika dhahabu kwa takriban mita 3,240 kwa sekunde, na katika tungsteni zaidi ya mita 5,000, kwa hiyo kipimo cha mawimbi ya sauti hutoa unene usiolingana na kipande kilicho mezani. Pasipo kifaa hicho, toboa mpaka katikati au yeyusha: dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064, na kipande cha tungsteni kitabaki kizima ndani ya chungu.